Naomba ushauri: maji, umeme na korosho vipangwe vipi kwa pamoja kijijini?

Mjumbe wa Tandahimba
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwenye uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara. Huku hatuna mto. Maji ya bomba husukumwa kwa umeme kutoka bondeni, na umeme ukikatika ndoo hubaki kwenye foleni. Sasa watu wa maji wanataka tuchangie mabomba, wa nishati wanapima njia ya nguzo, na afisa ugani anahimiza viuatilifu vya kuchanganywa na maji dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, badala ya salfa ya unga. Kila mmoja amekuja kwa siku yake bila kumuuliza mwenzake. Tufanyeje ili mipango hii ikutane kabla ya bajeti?

Mstaafu wa Kata
Ndugu mjumbe, anzeni na kalenda ya mkulima. Upuliziaji huanza Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha, wakati uleule ambapo maji ya mvua yaliyovunwa yanaanza kupungua na kaya nyingi zinategemea bomba. Salfa ya unga haihitaji maji. Dawa ya maji inahitaji. Kwa hiyo ushauri huo wa kilimo ni ombi la maji, na kwenu ombi la maji ni ombi la umeme. Liandikeni kama ombi moja katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, lifike kamati ya maendeleo ya kata mapema, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na halmashauri ya wilaya hupanga miezi mingi kabla.

Fundi Pampu
Kabla ya kuchangia, ulizeni nani atalipa ankara ya umeme wa pampu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 imeweka vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji. Chombo chenu kikae mezani tangu mwanzo, na kidai tangi kubwa, lijazwe umeme unapokuwepo.

Mama Mkorosho
Shikamooni wakubwa. Mkutano huo msiuitishe asubuhi, maana wachotaji maji ndio sisi na saa hizo tuko bombani. Pia naomba maji ya kupulizia yatoke kwenye matangi ya mvua shambani, yasichukuliwe kwenye maji ya kunywa, na mabomba ya kupulizia dawa yasioshewe karibu na kisima.

Mjumbe wa Tandahimba
Marahaba, mama. Nitamwomba mwenyekiti auitishe mkutano alasiri, na afisa ugani aje pamoja na viongozi wa chombo chetu cha huduma ya maji.