Acheni kuwatupa hamsta bustanini halafu mkasema mmewapa uhuru

Wakuu, nimekasirika na sitazunguka. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili tulioko huku Uingereza, mzazi mmoja ametangaza kwamba mtoto kamchoka hamsta wake (kile kipanya cha kufugwa chenye mashavu mapana), kwa hiyo kampeleka bustani ya umma, kafungua tundu, "kaenda kula maisha". Novemba hii! Na watu badala ya kumkemea wakamjazia vidole gumba.

Eti "si panya tu, atajitafutia". Atajitafutia wapi? Hamsta wengi mnaowanunua madukani ni wale wa Syria, na karibu wote ni uzao wa familia moja. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alimfukua hamsta jike na watoto wake 11 shambani karibu na Aleppo, Syria, na wachache waliosalimika ndio waliozalishwa Jerusalem. Tangu hapo ni vizazi na vizazi vya kuzaliwa ndani na kuwekewa chakula kwenye bakuli. Huyo wa kwenu alichowahi kuchimba ni maranda ya mbao tu.

Mwingine akajibu, "mbona porini wapo?" Wapo, kwao! Kaskazini mwa Syria na kusini mwa Uturuki, kwenye udongo mkavu, wanachimba mashimo ya kina cha nusu mita na zaidi, wanasomba nafaka mashavuni na kuziweka akiba. Na hata huko kwao wamo hatarini kutoweka. Sasa wewe unamtoa sebuleni penye hita, unamtua usiku juu ya majani yaliyolowa. Hana shimo, hana akiba, macho yake hayaoni mbali, na kama ni mweupe anaonekana bustani nzima. Mbweha wapo, paka wapo, bundi wapo. Wakimkosa, baridi inamzimisha: mwili unapoa, moyo unapiga polepole, analala usingizi ambao bila shimo wala chakula haamki tena. Uhuru gani huo?

Kuna aliyesema angekuwa Dar angepona. Kwa siafu, nyoka na paka wa mitaani? Na joto lile, wakati hamsta huzidiwa na joto hata akiwa ndani? Halafu tuseme amepona kweli, hapo ndipo balaa jingine linapoanza. Mimba yake ni siku 16 tu, wangezagaa upesi. Hawaii wamepiga marufuku kabisa kumfuga, kwa kuwa hali ya hewa yao inafaa hamsta waliotoroka kuzaliana porini.

Hapa Uingereza pia ni kosa. Sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kuachia porini mnyama asiye wa nchi hii, na ile ya ustawi wa wanyama ya 2006 inakubana kwa kumtelekeza mnyama aliye mikononi mwako. Msije mkasema hamkuambiwa.

Hamsta anaishi miaka miwili, akijitahidi mitatu. Mtu mzima, unayelipa kodi ya nyumba na kulea watoto, unashindwa kumbadilishia maji muda huo? Basi mpeleke RSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, au kituo chochote cha kuokoa wanyama. Pakijaa, andika hapa mji ulipo, nitakuja kumchukua mimi mwenyewe na tundu lake.