Maltimita ya elfu kumi na mbili

Kassim: Shikamooni wakubwa. Niko Kariakoo. Maltimita hii ya njano, kile kipimo cha umeme, muuzaji anasema elfu kumi na mbili, nichukue? [picha]

Mama Tausi: Marahaba mwanangu. Ya nini tena hiyo

Kassim: Ya nyumbani mama mdogo. Kuna soketi ya jikoni siielewi, leo inawaka kesho haiwaki. Betri ya pikipiki nayo nataka niwe naipima mwenyewe. Halafu friji ya bibi kila jioni inanguruma tu, haishiki

Ma'mkubwa Zuu: Kumi na mbili?? Mwambie tisa

Mjomba Fundi: Hata tisa usitoe. Niko juu ya ngazi, nishuke kwanza

Baba Tausi: Mbona hiyo njano kila fundi anayo. Yangu iko kwenye gari miaka yote, haijawahi kunisumbua

Mjomba Fundi: Shemeji kwenye gari unapima volti 12. Anayoizungumzia Kassim ni soketi ya 230, na nyuma ya soketi kuna waya unaokwenda moja kwa moja hadi transfoma ya mtaa

Mjomba Fundi: Kassim nipigie picha ya matundu matatu ya kuchomekea waya

Kassim: [picha]

Mjomba Fundi: Haya. Tundu la juu limeandikwa 10A, ni la ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, na pembeni herufi ndogo UNFUSED. Yaani hakuna fyuzi. Ukiusahau waya mwekundu humo kisha ukaingiza ncha kwenye soketi, umeunganisha laivu na nyutro, waya unaoleta umeme na unaourudisha, kwa kipande cha chuma kilicho ndani ya kipimo. Kitakacholipuka umekishika mkononi

Kassim: Si nitalitumia tundu la kati tu mjomba

Mjomba Fundi: La kati ni la volti, omu (ukinzani) na miliampea (mA, ampea ndogondogo), yote kwa pamoja. Waya hujauhamisha, lakini kitufe ukikizungusha kikasimama kwenye mA badala ya V, mambo ni yaleyale. Humo kuna kifyuzi cha kioo cha 250V. Kinaweza kupasuka na cheche ikaendelea kuruka ndani yake

Mjomba Fundi: Na upande wa AC, umeme wa ukutani, iko 200 na 750 basi. Umeme wetu 230. Anayeanza ataona 200 atasema inakaribiana

Baba Tausi: Mimi nisingechagua 200

Mama Tausi: Wewe mwaka juzi ulichomeka pasi kwenye ekstensheni ya redio 😂

Baba Tausi: Tuendelee na mada

Kassim: Lakini mjomba imeandikwa CAT III 1000V hapa mbele

Mjomba Fundi: Kuandika hakuna gharama. Hizo CAT ni madaraja ya usalama, yanasema kipimo kinafaa kutumika wapi, na zina maana yake kama mtengenezaji kweli kaipima. CAT II ni vitu vinavyochomekwa kwenye soketi, friji, tivii, pasi. CAT III ni nyaya za ukutani na bodi ya breka. CAT IV ni kwenye mita ya LUKU na waya unaotoka nguzoni, na huko wewe usiguse kabisa, kuna lakiri na kuna wenyewe

Ma'mkubwa Zuu: Si volti 230 ni zilezile kote? Tofauti iko wapi

Mjomba Fundi: Dada umeuliza la maana. Volti ni zilezile. Kinachotofautiana ni umeme ukiruka ghafla, radi ikipiga karibu au mashine kubwa ikizimwa. Mruko ule unaweza kuwa maelfu ya volti kwa kufumba na kufumbua. Kipimo cha kweli cha CAT III 600V kimejaribiwa kwa mruko wa volti 6,000. Na kadiri unavyosogelea transfoma, nyuma ya cheche kunakuwa na nguvu zaidi ya kuilisha, kwa hiyo haizimiki

Mjomba Fundi: Sasa dukani unaitambuaje. Shika waya zake. Zikiwa nyembamba ngumu kama za earphone, rudisha. Ncha ziwe na kofia ya plastiki, chuma kinachobaki nje kiwe kama milimita 4, ili ikiteleza isiguse sehemu mbili zenye umeme kwa mkupuo. Kisha mwombe muuzaji afungue mfuniko wa nyuma. Fyuzi ya kioo unaona uzi ndani. Unayoitaka ni ya kauri, nyeupe, ina mchanga ndani unaoua cheche, na imeandikwa volti zisizopungua zile za mbele

Kassim: Anakataa kufungua. Anasema nikifungua nimenunua

Mjomba Fundi: Toka hapo

Kassim: 😅 Sawa natoka

Baba Tausi: Sasa mnamwambia kijana anunue ya laki na nusu apime betri ya pikipiki?

Mjomba Fundi: Hapana. Ndiyo maana namwambia atafute isiyo na ampea kabisa. Nyumbani ampea unapima ya nini? Maltimita ya Fluke 101 kwa mfano haina hata tundu la ampea, ina matundu mawili tu, na ni CAT III 600V. Kosa la waya kukaa tundu baya haliwezekani. Ila feki za jina hilo zimejaa, aingie duka linalotoa risiti na dhamana. Hata ya kampuni nyingine yenye matundu mawili inafaa, ilimradi waya na maandishi yake viwe vya kweli

Mjomba Fundi: Kama mna inverta ya sola ya bei rahisi, itafutwe maltimita iliyoandikwa True RMS, yaani inasoma sawasawa hata umeme usio na wimbi laini. Zisizo nayo zikitumika kwenye inverta hizo zinatoa namba ya uongo

Bibi (simu ya Mama Tausi): Na friji yangu mbona hamuisemi

Mjomba Fundi: Shikamoo mama. Friji yako haihitaji maltimita. Jioni mtaa mzima unapika na kuwasha feni, umeme unashuka, mota inashindwa kuanza. Nunueni friji gadi yenye kioo cha namba. Inaonyesha volti saa zote na inakata zikishuka. Mkiona jioni inasoma 170, mnapiga picha, mnapeleka malalamiko Tanesco na ushahidi

Bibi (simu ya Mama Tausi): Marahaba. Iletwe leo

Mama Tausi: Kassim umesikia, hiyo kwanza. Nakutumia hela kwa M-Pesa

Kassim: Nimesikia mama mdogo. Mjomba ya jikoni je, nikishapata kipimo naipimaje? Nimeona watu wanasukuma bisibisi tundu la ethi ili matundu ya chini yafunguke

Mjomba Fundi: Usithubutu!! Vile vizuizi vimewekwa ili mtoto asiingize msumari. Na soketi inayowaka leo kesho haiwaki mara nyingi ni skrubu imelegea nyuma, waya unaungua polepole. Izime kwenye breka, usiitumie. Jumapili nakuja

Mjomba Fundi: Nikija nitakuonyesha. Kwanza unajaribu kipimo mahali unapojua umeme upo, kisha unapima pale unapodhani haupo, kisha unarudi pale pa kwanza kuhakikisha kipimo hakijafa katikati

Ma'mkubwa Zuu: Jumapili saa nane kuna kikao cha mahari jamani, msijifanye hamjui

Mjomba Fundi: Basi saa tatu asubuhi. Chai iwe tayari