Naomba ushauri: vijana niwaanzishe na Dracula yupi?

Habari zenu wakuu. Wapwa zangu wawili wa sekondari wanakuja likizo, na nimewaahidi usiku wa filamu za zamani za wanyonya damu. Wao wamezoea picha za sasa, mambo mbiombio, kwa hiyo naomba mnisaidie kupanga.

Mimi roho yangu iko kwa Nosferatu, filamu ya mwongozaji Murnau ya 1922. Haina sauti wala rangi, lakini kile kivuli cha Max Schreck, aliyeigiza mnyonya damu, kikipanda ngazi bado kinanisisimua mwili. Halafu ina kisa chake: mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa kitabu cha Dracula, alishtaki kwamba hadithi ya mumewe imetumika bila ruhusa, mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Tunazoangalia leo zinatokana na zilizonusurika. Hata lile la mwanga wa jua kumuua mnyonya damu limetoka humo. Kwenye kitabu Dracula anatembea mchana kama kawaida.

Hofu yangu ni kwamba watasinzia. Je, nianze na Bela Lugosi wa 1931? Huyo haonyeshi hata meno, anatisha kwa macho na lafudhi tu. Au niruke hadi Christopher Lee wa 1958, damu nyekundu kabisa, na Peter Cushing akimkimbiza? Naona hiyo itawashika, ila wakishaonja rangi sijui kama watakubali kurudi nyuma.

Aliyewahi kuwaonyesha vijana hizi picha anijuze: walianza kucheka wapi, na walinyamaza wapi?