Andrea Pozzo alichoraje dari la Sant'Ignazio?

mdadisi_77: Wakuu habarini. Nimeangalia picha za dari la kanisa la Sant'Ignazio kule Roma nikabaki mdomo wazi, nguzo zinapanda weee mpaka mbingu inafunguka na watu wanaelea, kumbe zote ni rangi tu! Huyu Pozzo alikuwa nani hasa, na dari lenyewe lina tao, mistari aliinyooshaje? Anayejua ashushe nondo.

bwana_chokaa: Mkuu, huyo ni mtu wa Trento, kazaliwa 1642. 1665 akajiunga na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, kule Milan akiwa bruda, na upadri hakuwahi kupewa, kazi yake ya kitawa ikawa brashi. 1681 akaitwa Roma. Sant'Ignazio ilikuwa haina kuba, basi 1685 akawachorea la uongo kwenye turubai, lile dari kubwa akalimaliza 1694. Baada ya hapo akabuni altare ya Mt. Ignasi pale kanisa la Gesù, hukohuko Roma, kisha Vienna kwa mwaliko wa Kaisari Leopold I, akafia hukohuko 1709.

fundi_dari: Kuhusu mistari, siri alishaitoa mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1693, na mimi hapo ndo namheshimu zaidi maana wengine wangeificha. Anachora kwanza kwenye karatasi yenye miraba, halafu anatandaza wavu wa kamba chini ya tao, kisha kutoka pale jicho la mtazamaji litakapokuwa anavuta uzi au anaweka taa usiku ili ile miraba ihamie juu kwenye tao, kwa hiyo inapinda kule juu ila ukiwa chini unaiona imenyooka. Na fresko, yaani kuchora juu ya lipu mbichi, haina subira, lipu ya chokaa inapigwa kipande kidogo tu cha kumaliza siku hiyo, rangi ipakwe ikiwa bado mbichi, ikishakauka imeganda humo, ukikosea unabandua unaanza upya.

mdadisi_77: Asante sana wakuu, sasa mtu akisogea pembeni inakuwaje?

fundi_dari: Nguzo zinaanza kulala. Ndo maana sakafuni kuna duara la marumaru, unasimama hapohapo.

bwana_chokaa: Na ukisimama hapo tafuta mabara manne yaliyochorwa kama watu, Afrika yumo, mwanamke aliyekaa juu ya mamba kashika pembe ya ndovu. Mvute karibu kwenye picha, kachorwa vizuri mno.