Kibali cha kupiga ngoma na watu wa noh, tamthilia ya kale ya Japani: nimerudishwa dirishani

Mwanafunzi wa Kansai:
Shikamooni wakubwa, rika langu mambo. Mwenzenu nimepata mtihani. Niko ryugaku, yaani viza ya mwanafunzi hapa Japani, shikakugai (kibali cha kufanya kazi nje ya masomo) ninayo, muhuri uko nyuma ya zairyu kadi, kile kitambulisho cha ukaazi. Kuna kikundi kinaandaa onyesho la usiku mmoja: mpiga otsuzumi, ile ngoma ya noh, mpiga shamisen, kinanda cha nyuzi tatu, mchonga barakoa atakayechonga palepale jukwaani, na mimi na ngoma zangu. Malipo yen 30,000. Leo uhamiaji wananiambia hokatsu, kibali cha jumla nilicho nacho, haifai, maana hakuna mwajiri wa kuhesabu saa, nikaombe kobetsu, kibali cha kazi moja mahususi. Nikauliza barua ya kueleza kazi hiyo aandike nani, kikundi au wenye ukumbi? Yule kijana wa dirishani akanirudishia karatasi zangu, akaita namba inayofuata. Zimebaki wiki tatu. Aliyepita njia hii anisaidie.

Baba Nasra, Saitama:
Marahaba mwanangu. Una saa 28 kwa wiki, utapiga saa mbili, hofu ya nini? Enzi zangu za uanafunzi nilipiga matamasha kiangazi kizima, bahasha mkononi, sikuulizwa na mtu. Halafu hiyo otsuzumi wenyewe wengi huiita okawa.

Mama Zai, Nagoya:
Baba Nasra usimponze mtoto wa watu. Saa 28 ni za kuajiriwa, kazi ya kujitegemea haimo. Na siku hizi bahasha haiji hivihivi, wanakata gensen, kodi ya kwenye malipo, asilimia 10.21, kwa hiyo kuna karatasi yenye jina lako watu wa kodi wanayo. Siku ya kuongeza muda wa viza ndiyo utajua. Mimi niko gijinkoku, viza ya wafanyakazi wenye taaluma, na nilikatazwa kusoma mashairi kwa malipo! Kobetsu huchukua wiki mbili mpaka miezi miwili, peleka kesho.

Baba Nasra, Saitama:
Nani kasema avunje sheria? Msome kabla ya kujibu. Wasanii wana viza yao, kogyo. Aombe hiyo.

Mama Zai, Nagoya:
Kogyo kwa usiku mmoja? Aache na shule?

Kaka wa Kobe:
Mimi ugomvi wa wazee siuingilii. Ndugu, otsuzumi umeiona inavyopashwa? Niliwahi kubeba viti kwenye ukumbi wa noh, nikachungulia nyuma. Ngozi za farasi zimekaa juu ya makaa saa nzima na zaidi, mpaka ukizigonga zinalia kavu kama ubao. Ile ndogo, kotsuzumi, inataka unyevu. Mpigaji anaihemea kwa mdomo, anabandika vikaratasi vilivyoloweshwa mate. Niliganda pale mlangoni. Nilimwona babu yangu Tandahimba, kakoka moto wa majani makavu pembeni ya uwanja, kaziegemeza ngoma, na sisi watoto tunafukuzwa tusipite mbele ya moto. Huyo mchongaji naye mwambie habari za mapiko, ngoma ya barakoa ya Wamakonde, mtaelewana bila mkalimani.

Mwanafunzi wa Kansai:
Kaka umenigusa. Ukumbi hautaki moto ndani, kwa hiyo ngozi tunapasha kwa makaa nje, kwenye maegesho. Juzi niliweka ngoma yangu kando ya ngozi za mzee wa otsuzumi. Mzee akaitazama, hakusema kitu, akaisogeza mbali kidogo kwa mikono yake, ndipo akanionya itapasuka. Lakini barua?

Shangazi, Yokohama:
Naomba kuuliza, bachi ya huyo wa shamisen, kile kibao cha kupigia nyuzi, imetengenezwa kwa nini, isije ikawa pembe? Sisi Nairobi mwaka 2016 tulichoma tani 105 za pembe za ndovu, huku Japani zinauzwa madukani kihalali mpaka leo.

Baba Nasra, Saitama:
Shangazi, shehena ya pembe iliyouzwa Japani 1999 ilitoka Botswana, Namibia na Zimbabwe, na kwa ruhusa. Siyo Kenya.

Shangazi, Yokohama:
Na za kabla ya marufuku ya biashara ya pembe duniani ya 1989, za tembo wa wapi? Hawakuwa na pasipoti, hapo umenishinda.

Mwanafunzi wa Kansai:
Bachi ni ya plastiki, shangazi. Hata ngozi ya shamisen si ya paka wala mbwa, ni ya kiwandani. Jamani, BARUA.

Mama Zai, Nagoya:
Inategemea na afisa utakayemkuta. Wa kwangu alitaka mkataba, wa shoga yangu akataka ratiba ya onyesho.

Baba Nasra, Saitama:
Ni tarehe ngapi hasa? Nakuja na watu wanne. Gari nitaegesha wapi, au ndipo mnapokoka moto?