Je, televisheni pekee humfikisha mwimbaji mchanga kwenye umaarufu?

Mwanakwaya wa Kondele: Hamjambo wenzangu. Mpwa wangu hapa Kisumu, mwenye umri wa miaka kumi, anasifiwa sana kanisani, na wazazi wake wanataka aonekane kwenye televisheni upesi, wakimtolea mfano mwimbaji wa Marekani, Britney Spears. Je, huyo alipanda vipi hasa?

Mwalimu wa Nakuru: Britney aliimba katika Star Search, shindano la vipaji la televisheni, mwaka 1992, akiwa wa umri huo huo, wala hakuibuka mshindi. Baadaye alijiunga na kipindi cha The Mickey Mouse Club, pamoja na Justin Timberlake na Christina Aguilera, waliokuja kuwa waimbaji maarufu pia, ambako watoto waliimba, walicheza na kuigiza mbele ya kamera. Kipindi kilipokoma alirudi kwao Louisiana, na wimbo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1998. Miaka hiyo ya katikati wazazi huisahau.

Shangazi wa Kakamega: Naunga mkono, ila tusisahau kwamba kampuni ya muziki ya Jive ilimpeleka Stockholm, Sweden, kurekodi na mtunzi na mtayarishaji wa nyimbo Max Martin. Mpwa wako aanzie Tamasha la Muziki la Kenya, kwani waamuzi wa pale humweleza mtoto kasoro zake waziwazi.