VS yangu inaruka nje kwenye daraja la kubadili leni, nianzie wapi?

leni_ya_tatu
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwenye Mini 4WD, vile vigari vidogo vya Tamiya vya mota na betri vinavyokimbia kwenye njia yenye kuta. Nina chesisi ya VS, mbele rola mbili za plastiki (vile vigurudumu vya pembeni vinavyogusa ukuta) nyuma mbili, gia ni zilezile zilizokuja kwenye boksi. Nikifunga mota ya Torque-Tuned 2 inamaliza mizunguko yote bila shida, nikifunga mota ya Hyper-Dash 3 yenye kasi zaidi, kwenye sehemu zilizonyooka inateleza vizuri mno ila ikifika lile daraja la kubadili leni, pale leni moja inapopita juu ya nyingine, inapanda ukuta inatoka, karibu kila mara upande wa nje wa kona. Kuna wanaoniambia niongeze uzito, wengine wanasema nitupe VS nichukue chesisi ya MA. Mi VS naipenda kwa wepesi wake, sitaki kuiacha.

fundi_rola
Usitupe kitu mkuu. Shika gari mkononi, bonyeza rola ya mbele kwa kidole kuelekea ndani, huku macho yako kwenye bampa. Bampa ya plastiki tupu ikisukumwa na ukuta inapinda, ikipinda rola inageuka kutazama juu, na rola inayotazama juu lazima ipande ukuta, haina kwingine pa kwenda. Kwa Torque-Tuned msukumo ni mdogo ndo maana huoni tatizo, Hyper-Dash inalianika tu, ila lilikuwepo siku zote. Kwahiyo kwanza funga pleti ya FRP (plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo) mbele, ikaze na skrubu na nati za kujifunga, ubonyeze tena uone kama bado inapinda.

Baada ya hapo ndo uje kwenye engo. Ukiitazama rola kwa ubavu, ukingo wake wa mbele uwe chini kidogo kuliko wa nyuma, hapo kila ikisugua ukuta inavuta pua ya gari chini. Digrii chache tu zinatosha, ukizidisha gari inang'ang'ania ukuta na kasi yote inaishia kwenye kona. Na kulia na kushoto zilingane, hili watu wengi hawalikagui kabisa wanakimbilia kununua mota nyingine!!

sponji_nyuma
Nakubaliana na fundi, ila nyuma nako kuangaliwe. Rola mbili tu za nyuma kwa kimo kimoja hazizuii gari kulala upande, weka za juu na za chini kila upande, za chini zikae karibu na njia. Kanuni za Tamiya zinaruhusu rola sita na upana usizidi 105mm, kwahiyo mbili mbele nne nyuma uko ndani ya sheria.

Kuhusu uzito, zile masidampa, yaani vyuma vya uzito vinavyopanda na kushuka, kazi yake ni kutuliza gari inapotua baada ya kuruka mlima, isidunde dunde. Kwenye daraja la leni hazikusaidii, na ukizifunga juu juu ndo gari inalala vizuri zaidi ikatoka. Ukiziweka, ziwe chini kabisa na zicheze bila kukwama.

gia_nne
MA ni nzuri jamani tusiisingizie, mota iko katikati na ina shafti mbili, haina ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu mbele. Lakini mota zako hazitaingia, itabidi uchukue zile za PRO zenye shafti mbili, na rola ukizifunga vibaya itaruka vilevile. Mi ningekushauri uweke mota ya Light-Dash kwanza, kasi yake iko chini kidogo, ukishaona imetulia darajani ndo urudi kwenye Hyper-Dash.

leni_ya_tatu
Asanteni sana wakuu. Nimebonyeza kama fundi alivyosema, rola ya kulia inatazama juu kabisa, ya kushoto kidogo. Pleti ya FRP ninayo naifunga leo. Swali la mwisho, njia yetu ina mlima pia, breki ya sponji niweke sasa hivi?

fundi_rola
Daraja kwanza, ukibadili vyote kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia. Ukifika kwenye breki ianze ya nyuma, chini ya bampa, isiguse njia gari ikiwa tambarare maana kanuni zinataka nafasi ya 1mm chini ya gari, inatakiwa iguse pale tu pua inaponyanyuka kupanda mlima. Anza na sponji nyembamba, ikiendelea kuruka mbali ndo uongeze unene. Na kila ukijaribu betri ziwe na chaji ileile, betri zikichoka gari inapungua kasi unaweza kudhani umeshatibu kumbe bado. Ukishafunga pleti weka picha ya ubavuni tuione hiyo engo.